Nukta Tatu Chini ya Grisi

Inspekta Banlue hakuwa na gari. Lile alilopewa na kituo lilikuwa gereji mwezi wa tatu sasa, likisubiri giaboksi. Hakuwa na msaidizi, na kidole kimoja hakivunji chawa. Hakuwa na jino la juu la mbele, ambalo lilibaki kwenye ngumi ya mlevi mmoja wa Thonburi miaka sita iliyopita. Hakuwa na mtu wa kumtetea kwa mkuu wake. Hakuwa na elimu ya kompyuta zaidi ya kuandika ripoti kwa vidole viwili. Na muda pia hakuwa nao. Kesho yake, Ijumaa saa tatu asubuhi, fundi wa viyoyozi aitwaye Kler Htoo angefikishwa mahakamani kwa kumuua Thawin, fundi wa kompyuta wa Studio ya Kimulimuli, na kwa jinsi Kler alivyokuwa akikojoa damu, huenda hiyo kesho isingemkuta.

Alichokuwa nacho ni mfuko wa plastiki wa vielelezo, na ndani yake prosesa moja ya kompyuta, pana kama kiganja cha mtoto, kifuniko chake cha chuma kikimeta kama sarafu mpya. Polisi waliikuta katika begi la vifaa la Kler, Jumanne ile ile ya mauaji.

"Amekiri," alisema Mrakibu Phadet, mkuu wa kituo, akivuta kwa meno kipande cha nyama ya nguruwe kwenye kijiti. "Amekiri, ameigiza mauaji, amepigwa picha na magazeti yote. Wewe unataka nini tena? Umchezee ngoma?"

"Asubuhi alipoigiza alisimama mbele ya mashine ya nane, afande. Thawin alikufa mbele ya mashine ya kumi na nne."

"Mtu akiua anahesabu?"

"Sajini Manop alimgeuza kwa bega mara mbili, mpaka akaelekea kumi na nne."

"Basi Sajini anajua kuhesabu. Mpandishe cheo." Phadet alitupa kijiti kwenye ndoo. "Sikiliza, Banlue. Mburma kaingia chumba cha mashine. Kaona kitu cha thamani. Mwenye kazi kamkuta. Kachukua kipoza cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, kilo mbili na ushee, kampiga nacho kichwani mara saba. Prosesa tumeikuta begini. Hii kesi hata mke wangu angeimaliza huku anakaanga samaki."

"Si Mburma, ni Mkaren. Kabila jingine."

"Akifika jela atawaeleza tofauti."

Kule kwenye maigizo, polisi walipompeleka Kler aonyeshe alivyoua, watu walikuwa wamejaa mlangoni mwa studio. Jirani mmoja alimpiga Kler kwa ndala usoni, mwingine akamvurumishia kiti cha plastiki kilichompasua nyusi, na polisi waliokuwa wamemshika walisubiri wapiga picha wamalize ndipo wakamwondoa. Lakini hayo yalikuwa madogo. Makubwa yalifanyika Jumanne, katika chumba cha nyuma cha kituo. Kler alivalishwa mfuko wa nailoni kichwani na kupigwa kwa mpira wa bomba figoni mpaka akasema ndiyo kwa kila alichoulizwa, hata alipoulizwa kama jina lake ni Thawin. Banlue alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba hicho. Hakupiga. Hakuzuia pia.

Alitoka kwa mkuu wake, akashuka mahabusu.

Kler alikuwa amelala kwa ubavu kwenye saruji, magoti yamefika kifuani. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga. Alipoona viatu vya polisi alianza kujikokota kuelekea ukutani.

"Tulia. Sikuja kukupiga."

"Jumanne pia hukupiga, bosi. Ulisimama tu."

Banlue alichuchumaa, akapitisha kwenye nondo kahawa ya barafu iliyokuwa kwenye mfuko. Kler aliupokea kwa viganja kwa sababu vidole vilikataa kukunjika.

"Nani alikuita studio?"

"Thawin mwenyewe. Alisema mashine saba zimechemka, zinafanya kazi kama wagonjwa. Akasema niongeze baridi."

"Ukakuta nini?"

"Sikukuta kitu. Chumba kina nyuzi kumi na nane, baridi mpaka meno yanagongana. Nikamwambia, kaka mkubwa, kiyoyozi changu hakina kosa, tafuta mchawi wako kwingine. Akacheka. Halafu akazitazama zile mashine." Kler alinyonya kahawa, ikatoka na damu kwenye pembe ya mdomo. "Akasema, basi joto hili ni dhambi yangu. Sikufuta."

"Hakufuta nini?"

"Hakusema. Alisema tu, leo itabidi nifute, mtawa anisamehe. Akachukua bisibisi. Mimi nikapanda juu ya paa kusafisha mtambo wa nje. Begi niliacha koridoni. Niliposhuka mlango ulikuwa wazi na yeye…" Aligusa kichwa chake. "Nilimshika, bosi. Ndiyo maana nilikuwa na damu. Nilitaka kurudisha kile kilichotoka."

"Koridoni ulimwona nani?"

"Hakuna. Ila mlango wa ngazi ulikuwa bado unacheza kwenye bawaba."

Banlue aliinuka. Kler akamwita kwa sauti ya chini.

"Bosi. Kesho wakinipeleka kwa hakimu nikisema hapana, nitarudishwa humu humu, sivyo?"

Inspekta alifuata mlango. Alimwagiza mlinzi amwite daktari. Mlinzi akasema daktari wa kituo amesafiri na Mrakibu hajaruhusu mwingine.

*

Studio ya Kimulimuli ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo lililoegemea mfereji. Banlue alifika kwa pikipiki ya kukodi, shati limelowa mgongoni. Ukutani kulikuwa na picha kubwa za joka wa mto Mekong, mwenye magamba ya kijani na macho ya huruma. Ndiye nyota wa filamu ya katuni waliyokuwa wakiitengeneza kwa miaka miwili. Wachoraji walikuwa wameinama juu ya skrini zao. Harufu ya dawa ya kufutia damu ilikuwa bado kali.

Mwenye studio, Mama Orawan, alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Aliitazama ile prosesa ndani ya mfuko, akaigeuza, akairudisha mezani kama mtu aliyerudishiwa chenji ya bandia.

"Hii si yetu."

"Ina jina lile lile. Aina ile ile. Nimelinganisha na stakabadhi zenu."

"Jina ndiyo. Lakini iko wapi nukta?"

"Nukta gani?"

"Keti, Inspekta. Sisi kila picha ya filamu tunaipika. Unaelewa? Mchoraji anamsogeza joka, anaweka taa hapa na maji pale, halafu mashine inakaa na kupiga hesabu za kila kivuli na kila tone, mpaka picha moja iive. Sekunde moja ya filamu ni picha ishirini na nne. Tulipotaka mashine mpya ishirini, ugomvi ukawa ni prosesa gani tununue. Thawin alitaka yenye viini sitini na vinne, hata kama kila kiini ni kizito kidogo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu picha hukatwa vipande, na kila kiini kinapika kipande chake. Ni kama harusi. Huhitaji mpishi mmoja mwenye mbio, unahitaji mafiga mengi. Lakini Wirot, mkuu wa wachoraji, alitaka yenye viini kumi na sita vyenye kasi. Mchoraji akimsogeza joka kwenye skrini, kazi yote inaangukia kiini kimoja, kikiwa kizito joka anachelewa kuufuata mkono. Wote wawili walisema kweli. Ila hizi zilikuwa mashine za kupika, si za kuchorea. Nikamchagua Thawin."

"Wirot alipokeaje?"

"Alivunja kikombe ukutani. Alama ile pale."

Banlue aliitazama alama. Kikombe kilikuwa kimerushwa kwa urefu wa kichwa cha mtu.

"Zilipofika," Orawan aliendelea, "nilizipeleka hekaluni zikiwa kwenye trei zake, zote ishirini. Gari unalitia baraka, duka unalitia baraka. Mimi mkate wangu uko ndani ya vibati vile. Mtawa alichovya kidole kwenye unga mweupe uliokorogwa, akaweka nukta tatu juu ya kila kifuniko. Thawin alikuwa amepiga magoti kando yangu. Sasa, fundi yeyote akifunga prosesa hufuta kifuniko kwa spiriti mpaka king'ae, ndipo anapaka grisi ya kupitisha joto, ndipo anaweka kipoza cha shaba juu. Kikiwa na uchafu, joto halipiti vizuri. Decho, aliyetuuzia, alimwambia palepale: utafuta hizo nukta. Thawin akasema afadhali aunguze mashine kuliko kufuta mkono wa mtawa."

"Akazifunga na nukta zake?"

"Na nukta zake. Akapaka grisi juu. Tukazoea nyuzi mbili tatu za ziada."

Banlue alitoa daftari. Swali lililofuata aliliuliza taratibu. "Mashine saba zilianza kuzorota lini?"

"Mwezi uliopita. Picha ya dakika tisa ikawa dakika ishirini na mbili. Skrini ilionyesha viini sitini na vinne vyote vipo, ila vimepunguza mwendo, kama vinavyofanya vikizidiwa na joto. Thawin akaamini ni kosa lake. Alikonda. Jumatano nilikuwa nimeitisha kikao cha kuamua tuzing'oe zote tuchukue zile za Wirot."

"Na siku ya hekaluni, nani hakwenda?"

Mama Orawan aliitazama tena alama ya kikombe, kisha akausema ukweli kwa sauti ya chini kuliko ile aliyoanza nayo. "Studio nzima ilikwenda. Wirot alisema ana kazi."

*

Hata hivyo Banlue hakumfuata Wirot kwanza. Mtu aliyeuza prosesa ndiye anayejua bandia zinatoka wapi, na muuzaji mwenye tamaa angeweza kuja na zake akijifanya anafanya matengenezo. Alikwenda Plaza ya Rattana, ghorofa ya tatu, ambako vibanda vya vipuri vimebanana kama meno ya chanuo.

Decho alikuwa nyuma ya kaunta, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, pua imevimba na kugeuka rangi ya bilinganya. Alipoona kitambulisho aliweka soda chini.

"Nimeanguka kwenye ngazi."

"Sijauliza."

"Basi nimekuwahi."

Banlue aliweka juu ya kaunta picha ya Thawin iliyopigwa chumba cha maiti. Upande mmoja wa kichwa haukuwa na umbo tena. Mapezi ya kipoza, yale mabapa membamba ya shaba, yalikuwa yameacha mistari iliyonyooka kwenye ngozi, sambamba, kama jembe lililopita shambani. Decho aliitazama.

"Ulikuwa hekaluni," Banlue alisema. "Ulijua Thawin hafuti nukta."

"Nilimcheka. Nilimwambia, ndugu yangu, mtawa hajasomea joto."

"Kwa hiyo ungetaka kubadilisha prosesa zao na kuweka bandia, ungeweka nukta tatu juu ya kila bandia."

"Afande!" Decho alitazama huku na huku. "Nighushi kidole cha mtawa? Mama yangu angekufa mara ya pili. Na bandia ni neno baya. Hii uliyonayo…" Aliichukua kwa mkono wa kushoto, akaiinamisha kwenye taa, akapitisha ukucha juu ya maandishi. "Hii ni ya majaribio. Kiwanda huzitoa chache kabla ya mauzo ili wazijaribu. Viini vyote vipo, ila mwendo wa konokono. Hairuhusiwi kuuzwa. Mtu kakwangua kifuniko, kaandika jina la ile ya kweli. Kazi safi. Ukiiwasha inaonekana kama nzuri yenye homa."

"Nani amekuvunja mkono?"

"Ngazi."

"Kuna mtu mahabusu, ana figo mbili na zote zinavuja. Wakimzika, picha hii utaiona kila ukifunga macho, na ya kwake itakuwa kando yake."

Decho alikaa juu ya boksi. Msichana wa kibanda cha jirani alikuwa akitaja bei kwa sauti; Decho alisubiri amalize.

"Wirot," alisema. "Mwezi uliopita alikuja na prosesa tatu zilizotumika. Ananiambia za rafiki yake. Nikazigeuza. Zimefutwa, lakini chini ya ukingo wa kifuniko, pale kitambaa hakifiki, kuna unga mweupe. Nikazikataa. Kitu kilichobarikiwa kwa jina la mtu huwezi kukiuza, utauza na bahati yako. Nikamwambia, hizi zimetoka hekaluni. Akacheka, akaniuliza hekalu gani linatengeneza prosesa. Hakujua! Nami kwa ujinga sikumwambia Thawin. Nikasema yasiyonihusu niyaache."

"Halafu?"

"Jana alikuja tena nikiwa nafunga. Akateremsha shata mwenyewe. Hakusema hata neno moja, afande. Alichukua kile kigoda cha chuma akaanza na mkono. Nilipolia akanipiga puani ninyamaze. Ndipo akasema: hukuniona mwezi uliopita."

"Utasema hayo mbele ya hakimu?"

Decho aliutazama mkono wake wenye plasta. "Hebu nipe hiyo kalamu. Nitaandika kwa kushoto. Itaonekana kama ya mtoto wa chekechea, lakini nitaandika."

*

Saa saba na nusu mchana Banlue alirudi studio. Alimwomba Mama Orawan azime mashine mbili, ya tatu iliyo nzima na ya kumi na saba iliyo miongoni mwa zile saba, na amwite Wirot kwenye chumba cha mashine.

Wirot alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, nywele zimefungwa kisogoni. Aliingia akikunja mikono ya shati kama daktari aliyeitwa kwa mgonjwa wa fundi mwingine. Mashine nyingine zilikuwa zikivuma kwenye makabati yao ya chuma. Ilibidi watu wapaze sauti.

"Sina fundi," Banlue alisema. "Nifungulie hizi mbili."

"Mimi mchoraji, Inspekta."

"Mama Orawan anasema unazijua kuliko wote."

Sifa haijawahi kukataliwa na mwenye majivuno. Wirot alipokea bisibisi, akavuta mashine ya tatu kwenye reli zake, akafungua skrubu nne bila kutazama vidole, akakinyanyua kipoza. Grisi ya kijivu ilikuwa imetandaa. Banlue alichukua pamba, akaigusisha taratibu, akaanza kufuta kutoka pembeni. Chini ya kijivu zilitokea nukta tatu nyeupe, zimekauka, zimepasuka kidogo, moja juu na mbili chini.

Mama Orawan alikutanisha viganja, akainamisha kichwa.

Wirot hakuinamisha. Alizikodolea macho.

"Ya kumi na saba," Banlue alisema.

Skrubu ya mwisho ya mashine hiyo ilichukua muda mrefu. Kipoza kiliponyanyuka, Banlue alifuta kwa pamba safi. Kijivu kikaisha. Chini yake kulikuwa na chuma kitupu kinachong'aa.

"Thawin aliisahau hii," Wirot alisema.

"Na sita nyingine?"

"Alizifuta. Ndivyo inavyotakiwa! Mtu mwenye akili timamu anafuta."

"Jumanne alikuja kufuta, kwa mara ya kwanza. Alifungua ya kumi na nne, akafuta grisi, akakuta hakuna cha kufuta. Ndipo akajua joto si dhambi yake. Ukamkuta ameishika mkononi. Ulipommaliza ukaona huwezi kuirudisha, maana mashine hiyo tungeikagua, ukaitumbukiza kwenye begi la fundi wa viyoyozi. Nilidhani ni wizi, mpaka Decho aliponiambia ulijaribu kuuza tatu tu ukakata tamaa. Shida yako si fedha. Ulitaka prosesa alizochagua Thawin zionekane mbovu."

"Zilikuwa mbovu! Tangu siku ya kwanza!" Sauti ya Wirot ilipanda juu ya mvumo. "Wachoraji wangu wanasubiri joka afungue mdomo kama wanasubiri basi, na huyu mama anamsikiliza kibarua wa kukaza skrubu! Mimi ningejuaje kama yule mjinga alifunga unga wa mtawa ndani ya…"

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na huyu alikuwa amejishinda mwenyewe kwa ulimi wake.

Bisibisi ilikuwa bado mkononi mwake. Hilo lilikuwa kosa la Banlue, na alililipia palepale. Ncha ilikuja ikielekea shingo. Akainua mkono wa kushoto, na chuma kikapita katikati ya kiganja na kutokea upande wa pili. Wirot aliivuta, damu ikaruka kwenye mlango wa kabati. Kwa mkono mwingine akaokota kipoza cha shaba. Pigo la kwanza lilimpata Banlue begani, mkono wote ukafa ganzi. La pili lilikosa kichwa kwa unene wa sikio, likabonyeza kabati kama kopo la maziwa. Banlue alimrukia miguuni. Walianguka wote, Wirot juu, goti lake kwenye jeraha la kiganja, kipoza kikipanda kwa mara ya tatu.

"Saba!" Wirot alipiga kelele. "Yule alitaka mapigo saba!"

Banlue alimwuma kifundo cha mkono mpaka meno yakagusana na mfupa. Kipoza kilianguka. Wirot akajinyoosha kukifuata, mkono ukaingia ndani ya reli ya mashine iliyokuwa wazi, na hapo Mama Orawan aliisukuma mashine ya kumi na saba kwa uzito wake wote mpaka ikajifunga. Mlio wa mfupa ulisikika licha ya mvumo wa feni. Akaivuta nyuma kidogo, akaisukuma tena.

"Inatosha, Mama!"

"Huyo kijana alikuwa akila chakula mezani kwangu," alisema Orawan, akihema. "Thawin." Akaisukuma mara ya tatu.

*

Saa tisa na dakika kumi Mrakibu Phadet alisoma maelezo ya Decho, akasoma ya Mama Orawan, akatazama kiganja cha Banlue kilichofungwa kwa bandeji ya hospitali, akasukuma karatasi zote pembeni.

"Hongera. Sasa tuna wauaji wawili."

"Tuna mmoja, afande. Kler hakuhusika."

"Amekiri."

"Unajua alikirije."

"Walishirikiana. Mchoraji kapiga, Mburma kabeba. Kesho wanakwenda wote." Phadet aliinama mbele. "Niliita magazeti, Banlue. Nilisimama mbele ya kamera nikamnyooshea kidole. Unataka nikaseme tulimpiga mtu bure?"

"Nataka aende hospitali leo."

"Akienda leo daktari ataandika. Wikiendi hii apumzike, Jumatatu tutaona."

"Jumatatu atakuwa amekufa."

"Basi kesi itakuwa imepungua mtu mmoja." Akafungua droo, akaanza kutafuta kijiti cha meno. "Umefanya kazi nzuri. Usiiharibu."

Banlue alishuka kwenye meza yake. Makarani wote walikuwa wamekwenda kunywa chai. Hakuwasha kompyuta, kwa sababu kilichoandikwa humo Phadet angekisoma. Alichukua karatasi ya mistari na kuandika kwa mkono, taratibu, herufi kubwa zinazosomeka. Katika ukurasa wa kwanza alieleza mwenendo wa prosesa: zilizochaguliwa, zilizobarikiwa, saba zilizobadilishwa, na kwa nini ile ya majaribio iliyokutwa begini haikuwa wizi wa fundi wa viyoyozi bali siri ya Wirot, aliyeiweka kwenye mashine mwezi mmoja kabla, na ambayo Thawin alikuwa ameigundua. Aliambatanisha hati ya Decho, yenye mwandiko wa mkono wa kushoto.

Ukurasa wa pili ulikuwa mfupi. Aliandika tarehe, saa, chumba cha nyuma, mfuko wa nailoni, mpira wa bomba, idadi ya mapigo aliyoyahesabu. Kisha akaandika waliokuwamo. Mrakibu Phadet, aliyeamuru. Sajini Manop, aliyepiga. Koplo Thuan, aliyeshika miguu. Alichovya kidole kwenye maji, akafuta tone la damu lililopita kwenye bandeji, akaendelea mstari wa nne: Inspekta Banlue, aliyesimama mlangoni asizuie. Akatia sahihi chini ya yote.

Alikunja karatasi, akaziingiza kwenye bahasha ya kaki, akapaka gundi, akapitisha kidole gumba juu ya kifuniko mara tatu. Alipotoka, mlinzi wa lango alimwuliza anakwenda wapi na mkono huo. Alisema anakwenda kutafuta tambi.

Kwenye kona waendesha pikipiki walikuwa wamekaa chini ya mwavuli wakicheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, jina lake Sai, aliyempeleka Banlue plaza asubuhi.

"Afande, umepigana na mamba?"

"Ofisi ya mwendesha mashtaka, ng'ambo ya mto. Wanafunga saa kumi na nusu."

"Na foleni hii?" Sai alitazama saa. "Nitafika saa kumi na dakika ishirini, nikipita pale ambapo wewe ungenikamata."

"Pita. Mkabidhi Mama Busaba, mwendesha mashtaka mwenyewe, mkononi. Si karani, si mlinzi. Msubiri aifungue mbele yako."

"Kituo chenu si kina magari?"

"Hii haipandi gari la kituo."

Sai aliipima bahasha kwa mkono, akamtazama Banlue, akaacha utani. Aliifungua zipu ya kizibao, akaiweka kifuani, akafunga mpaka shingoni. Aliwasha pikipiki.

"Ngoja," Banlue alisema.

"Nilijua. Umebadili mawazo."

"Nipe kalamu."

Sai akatoa kalamu na bahasha, akampa. Banlue aliilaza juu ya tangi la mafuta lililokuwa likitetemeka, na chini ya jina la mwendesha mashtaka akaandika: *Haraka. Mtu bado yu hai.* Akamrudishia. Sai alisoma, akavuta kioo cha helmeti, akakata katikati ya mabasi mawili bila kupiga honi.